Shule ya B na shule ya C: maswali ya wasomaji kuhusu shule za chata vijijini North Carolina

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wazazi wanaohama Greensboro, Raleigh na Charlotte kwenda kaunti za vijijini, kufuata kazi au nyumba yenye uwanja. Karibu zote zinauliza jambo moja: watoto tuwapeleke shule gani? Tumefupisha barua na kuondoa majina.

Kwa wageni wa mada hii: shule ya chata, ambayo kwenye karatasi utaiona imeandikwa charter, ni shule ya umma. Haina ada. Inaendeshwa na bodi ya shirika lisilo la faida kwa mkataba na jimbo, si na wilaya ya shule ya kaunti. North Carolina ilipitisha sheria yake mwaka 1996, ikaweka kikomo cha shule 100, kikaondolewa 2011. Leo ziko zaidi ya 200.

Tunatoka Greensboro kuhamia Siler City, kaunti ya Chatham. Nina watoto watatu: darasa la 2, la 5 na la 8. Jirani amenishauri nichukue shule yenye daraja B na nisihangaike na yenye C. Nimeona kaunti ina shule za chata kadhaa pamoja na za kawaida. Nianzie wapi? (Mama wa watatu)

Mama, anza na ramani kabla ya herufi. Chatham Charter iko hapo hapo Siler City. Woods Charter na Willow Oak Montessori ziko upande wa kaskazini-mashariki wa kaunti, karibu na Chapel Hill, zaidi ya maili 20 kutoka utakapokaa. Halafu tazama madarasa: Chatham Charter na Woods zinafika darasa la 12, Willow Oak inaishia la 8. Kwa mwanao mkubwa hilo peke yake linaitoa Willow Oak kwenye orodha, maana atasoma mwaka mmoja na kuhama tena. Kwa wa darasa la 2 inaweza kubaki.

Sasa hiyo B na C. Jirani anakutakia mema, lakini herufi hiyo haisemi anachodhani inasema. Kwa shule za msingi na za kati, jimbo linapiga hesabu hivi: asilimia 80 ni ufaulu, yaani watoto wangapi wamefikia kiwango kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka, na asilimia 20 ni ukuaji, yaani watoto wamepanda kiasi gani kulinganisha na walikotarajiwa kufika kwa alama zao za nyuma. Alama 85 na kuendelea ni A, 70 hadi 84 B, 55 hadi 69 C, 40 hadi 54 D, na chini ya 40 ni F.

Chukua mfano wa shule mbili tulizozitunga kwa ajili ya hesabu tu. Shule ya kwanza ina ufaulu 76 na ukuaji 62. Asilimia 80 ya 76 ni 60.8, asilimia 20 ya 62 ni 12.4, jumla 73.2: hiyo ni B. Shule ya pili ina ufaulu 58 na ukuaji 88. Hapo ni 46.4 na 17.6, jumla 64: hiyo ni C. Lakini kwenye kipimo cha ukuaji, chini ya 70 maana yake shule haikufikia matarajio, na 85 kwenda juu maana yake imeyapita. Kwa hiyo yenye B imepokea watoto waliokuja wanajua na imewasogeza polepole, na yenye C imepokea watoto waliokuwa nyuma na inawavusha. Mtoto wako akiwa bado anasomea Kiingereza, hiyo ya pili ndiyo inayojua kazi anayoihitaji.

Ufaulu unafuatana sana na mali ya nyumbani. Mtoto aliyesomewa vitabu kila usiku tangu ana miaka miwili huingia darasa la chekechea akizijua herufi zote, na shule inahesabiwa sifa ambayo haikuitolea jasho. Ndiyo maana tunawasihi wazazi: usilinganishe shule na shule, linganisha watoto wanaofanana na wako ndani ya shule hizo.

Namna ya kufanya: fungua tovuti ya jimbo ya School Report Cards. Chukua daftari, kila shule ipe ukurasa wake, na shule ya kawaida ya mtaa wako iwemo pia. Wengi wanaisahau hii, wakati mwingine ndiyo yenye walimu wazuri wa Kiingereza. Andika alama ya ufaulu, alama ya ukuaji, na neno linaloandikwa kando yake kama imepita, imefikia au haikufikia matarajio. Kisha shuka chini mpaka kwenye makundi. Tafuta watoto wanaojifunza Kiingereza, watoto wa familia za kipato cha chini, na watoto weusi. Namba za hapo ndizo za kulinganisha.

Mambo matatu huwapoteza wasomaji wa kurasa hizo. La kwanza, kundi likiwa na watoto wachache mno namba hufichwa. Nafasi tupu si sifuri, ila inakuambia shule hiyo haina uzoefu mkubwa na watoto wa namna hiyo, nawe uulize. La pili, shule za vijijini ni ndogo. Darasa likiwa na watoto 18, mtoto mmoja ni karibu pointi 5.6, na homa ya watoto wawili siku ya mtihani inaweza kuushusha ufaulu kwa pointi 11. Kwa hiyo andika miaka mitatu mfululizo, usiamini mmoja. La tatu, matokeo yana ngazi. Ngazi ya 3 ni kufikia kiwango cha darasa. Ya 4 na ya 5 ni kuwa njiani kuelekea chuo. Shule moja ikitangaza asilimia ya ngazi ya 3 kwenda juu na nyingine ya 4 na 5 tu, unalinganisha ndoo na debe.

Kwa mwanao wa darasa la 8 kumbuka kuwa sekondari ya juu ina vipimo vya ziada kama asilimia ya wanaohitimu ndani ya miaka minne, kwa hiyo herufi ya shule ya chekechea (K) hadi darasa la 12 haitokani na hesabu ile ile kamili tuliyokuonyesha. Isome sehemu kwa sehemu.

Shule tuliyoipenda haina basi upande wetu, na iko maili 22. Mume wangu anasema tutazoea. Tutazoea kweli? (Msomaji, kaunti ya vijijini)

Dada, piga hesabu kabla ya kuzoea. Kupeleka na kurudi asubuhi, kufuata na kurudi jioni, ni safari nne za maili 22: maili 88 kwa siku. Kwa siku 180 za masomo ni maili 15,840. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni litakunywa galoni 630 hivi kwa mwaka, bado matairi na mafuta ya injini. Ongeza foleni ya magari mlangoni, ambayo shule za chata nyingi zinayo kwa sababu watoto wengi hupelekwa na wazazi. Na aliye zamu ya usiku kiwandani ndiye atakayeendesha saa moja asubuhi akiwa na usingizi. Hilo litazameni kwa uzito kuliko bei ya mafuta.

Sheria inaitaka shule ya chata iwe na mpango wa usafiri ili usafiri usiwe kikwazo kwa mtoto anayeishi katika wilaya ya shule ilipo. Hailazimiki kumsafirisha mtoto anayekaa ndani ya maili moja na nusu. Mpango si lazima uwe basi mlangoni: nyingi huweka vituo vya pamoja, kwenye maegesho ya kanisa au duka, au huunganisha wazazi wapokezane magari. Omba mpango huo kwa maandishi, uulize kituo cha karibu kiko wapi, basi linapita saa ngapi, na mwaka huu lina nafasi ngapi. Mkikaa kaunti jirani mnaruhusiwa kuomba nafasi, kwa kuwa shule hizi ziko wazi kwa mkazi yeyote wa jimbo, lakini usafiri huo hauwahusu.

Ulizeni na chakula. Shule ya chata hailazimiki kuingia kwenye mpango wa kitaifa wa chakula cha mchana. Shule ya kawaida ya kijijini mara nyingi hulisha watoto wote bure, kwa kuwa familia zinazopokea FNS, yaani stempu za chakula, zikifikisha asilimia ya kutosha shule inaruhusiwa kuwalisha wote bila fomu. Kwa nyumba ya watoto wanne, tofauti hiyo inaonekana kwenye bajeti kila wiki.

Mwanangu ana miaka 10, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka miwili iliyopita. Shule moja ya chata imeniambia kwa upole kwamba haina mwalimu wa Kiingereza kwa wageni, nitafute shule nyingine. Rafiki naye amenishauri kwenye fomu niandike kwamba nyumbani tunasema Kiingereza, ili mtoto asiwekwe darasa la chini. Nifanye nini? (Baba, mzaliwa wa Fizi, Kongo)

Baba, yote mawili ni makosa, na la pili ndilo litakaloumiza zaidi.

Shule ya chata ni ya umma. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaibana sawa na shule yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, na Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba mtoto asiyejua Kiingereza hawezi kuachwa akae tu darasani bila msaada. Kutokuwa na mwalimu ni tatizo la shule kulitatua, kwa kuajiri, kugawana mwalimu na shule nyingine au kufundisha walimu ilionao. Si sababu ya kumkatalia mtoto. Waandikie barua pepe fupi: taja tarehe mliyozungumza, mliloambiwa, na uulize mtoto atapewa huduma gani na nani, mara ngapi kwa wiki. Mara nyingi maandishi hubadilisha jibu. Yasipobadilisha, peleka malalamiko kwenye ofisi ya shule za chata ya jimbo, au kwenye Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara ya elimu ya serikali kuu ndani ya siku 180 tangu tukio.

Sasa fomu. Ukiandika Kiingereza, mtoto hapimwi kabisa. Asipopimwa hapati mwalimu wa lugha, wala haruhusiwi nyongeza ya muda au kamusi ya neno kwa neno siku ya mtihani. Atakaa na alama mbovu ambazo hakuna anayejua chanzo chake, na mwaka wa pili au wa tatu mtu ataanza kusema labda ana tatizo la akili. Tatizo ni Kiingereza tu. Andika lugha mnayosema kweli. Kama nyumbani ni Kibembe na Kiswahili ni cha pili, andika hivyo hivyo.

Baada ya fomu, shule inampima kwa kipimo cha Kiingereza kiitwacho WIDA. Akionekana anahitaji msaada, lazima mjulishwe ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze, au wiki mbili kama ameingia katikati. Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, anafanya mtihani uitwao ACCESS wenye alama 1.0 hadi 6.0, wa kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Katika jimbo hili jumla ya 4.8 ndiyo iliyotumika kumtoa mtoto kwenye huduma. Mzazi anaweza kuikataa huduma, lakini mtoto ataufanya bado mtihani wa ACCESS. Omba karatasi ya ACCESS kila mwaka uitunze. Kwa kawaida kusema hupanda kwanza na kuandika hubaki nyuma, na ndiyo maana mwalimu anaweza kukuambia mtoto anaongea vizuri ilhali anaanguka kwenye insha.

Unapotembelea shule uliza maswali haya hasa: watoto wangapi wanapata huduma ya lugha mwaka huu? Mwalimu wao ana leseni ya kazi hiyo? Anakuja kila siku au mara mbili kwa wiki akitoka shule nyingine? Anawatoa darasani saa gani, na wanakosa somo lipi? Jibu la dakika 30 mara mbili kwa wiki, huku mtoto akikosa hesabu, ni jibu dhaifu.

Na mkalimani ni haki yako, wala mtoto asitumwe kutafsiri kikao kinachomhusu mwenyewe. Ukiomba, sema unataka mtu anayejua Kiswahili cha Kongo. Mkalimani wa Mombasa au Dar es Salaam ni mzuri, lakini mkikutana kwenye maneno ya shule na ya hospitali mnaweza kupishana bila kujua.

Kura ya kupata nafasi katika shule ya chata inaendeshwaje? Tumeambiwa tumechelewa. (Wazazi wa pacha)

Shule nyingi hupokea maombi kuanzia vuli mpaka Januari au Februari, na hupiga kura Februari au Machi kama waombaji wamezidi nafasi. Nafasi zikiwa zinatosha, hakuna kura, mtoto anaingia. Kuomba ni bure, na mnaweza kuomba shule kadhaa kwa wakati mmoja. Pacha huwekwa kwa jina moja: likitoka, wanaingia wote. Ndugu wa mtoto ambaye tayari yuko shuleni kwa kawaida hutangulizwa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuomba kama kipaumbele hicho kipo na kinahusu nani.

Kuchelewa si mwisho. Mnaingia orodha ya kungoja, na orodha hizo husogea sana Julai na Agosti, familia zinapohama. Kinachowaangusha wazazi wengi ni barua pepe. Shule hutuma taarifa ya nafasi na kutoa siku chache za kujibu. Taarifa inaangukia kwenye kikapu cha taka, siku zinapita, nafasi inakwenda kwa mwingine. Wekeni anwani mnayoifungua kila siku na namba ya simu isiyobadilika, na mpige simu kila wiki mbili wakati wa kiangazi.

Tarehe nazo zitazameni. Shule za chata hazibanwi na kalenda ya jimbo, na baadhi hufungua mapema Agosti au hata Julai, kabla ya za kawaida. Chekechea ni kwa aliyetimiza miaka 5 ifikapo Agosti 31. Karatasi za chanjo na za uchunguzi wa afya zinadaiwa ndani ya siku 30, na vijijini miadi ya daktari inaweza kuchukua wiki tatu, kwa hiyo piga simu kliniki siku ile ile mliyopata nafasi. Namba ya Social Security haiwezi kuwa sharti la mtoto kuandikishwa.

Nitajuaje kama shule ya chata haitafungwa mwaka kesho? (Msomaji, Halifax)

Angalia mkataba. Jimbo huweza kuuhuisha kwa muda wa hadi miaka 10. Shule iliyopewa miaka 3 tu ilikuwa na jambo: uliza ni lipi, fedha au matokeo. Angalia idadi ya watoto kwa miaka mitatu, maana fedha zinamfuata mtoto na sheria inataka shule iwe na angalau 80. Kijijini, familia 15 zikiondoka bajeti inatikisika. Vikao vya bodi viko wazi kwa umma, na mihtasari yake pamoja na ripoti ya ukaguzi wa hesabu ni nyaraka za umma: omba ya mwaka jana. Hesabu pia wakuu wa shule waliopita kwa miaka mitano. Watatu ni wengi mno.

Sifa ya zamani ya jengo haitoshi kuwa dalili. Katika kaunti yako Hobgood ilikuwa shule binafsi kwa miongo kadhaa kabla ya kuwa ya chata 2019, na katika kaunti ya Martin, Bear Grass ilifunguliwa kama chata 2012 baada ya wilaya kufunga shule ya hapo. Kila moja ihukumiwe kwa namba zake za sasa.

Nimeona shule inaitwa Academy. Hiyo ni chata au ya kulipia? (Msomaji kutoka Kisumu, sasa Rocky Mount)

Jina halisemi kitu. Kama haimo kwenye orodha ya shule za chata ya jimbo na inataja karo, ni ya binafsi, hata kama inapokea ruzuku iitwayo Opportunity Scholarship. Shule ya binafsi inaweza kuchagua watoto, na haitoi daraja la jimbo la kulinganisha. Jambo lingine la kujua, hata kwenye chata: sheria inataka angalau nusu ya walimu wawe na leseni, si wote. Uliza wa darasa la mwanao.

Tukijuta Novemba, tunaweza kumrudisha shule ya kawaida? (Mama, Northampton)

Ndiyo, wakati wowote. Shule ya wilaya mnakokaa lazima impokee. Kabla ya kumtoa, chukua mkononi nakala za alama zake, kadi ya chanjo, matokeo ya ACCESS, na kama ana mahitaji maalumu, mpango wake wa IEP uliotiwa saini. Faili kutoka shule moja hadi nyingine linaweza kuchelewa wiki nzima au mbili, na bila karatasi hizo mtoto atapangwa kwa kukisia. Kwa sekondari hakikisha pia kozi zinalingana: aliyeanza Math 1 kwa ratiba ya mwaka mzima akihamia shule inayoimaliza kwa nusu mwaka atakuta wenzake wamebakiza wiki chache kufanya mtihani, kwa hiyo huyo msubirisheni mpaka Januari.